Kanuni ya Ukuta wa Udongo

Kiomboi, Alhamisi mchana

Mwanangu Elipendo,

Salamu nitakupa kwa mdomo ukirudi, humu siziandiki. Umekwenda Kinampanda kumuaga bibi yako, na ninavyomjua mama yangu hatakuachia mpaka umekula mara mbili na kubebeshwa karanga. Kwa hiyo nina saa tatu, labda nne, na nyumba haina mtu. Nimefunga mlango wa mbele ili wateja wa matofali wadhani sipo.

Sitakuandikia habari za sabuni, soksi wala kuamka mapema. Huko unakokwenda watakuamsha kwa filimbi, na utajifunza haraka kuliko ulivyowahi kunisikiliza mimi. Habari za wanaume nazo naziacha. Ulichokiona kwa baba yako, aliyekwenda machimboni Geita kwa miezi mitatu na mpaka leo miezi hiyo haijaisha, kinatosha. Ninachotaka kuandika ni habari ya mchezo wetu, ule wa vita, wa vizibo vya soda na dadu. Najua hapo umeanza kucheka. Usicheke bado.

Jumapili iliyopita tulipotoka kanisani, mama Tabu jirani yetu alikuuliza kama huogopi kwenda jeshini. Ukamjibu mbele ya watu wote, kwa ile sauti yako ya kutangaza: "Niogope nini, mama Tabu? Mama alishanifundisha pa kujikinga. Mimi nikiona nyumba ya udongo tu, nimepona." Watu wakacheka, mama Tabu akakubariki, mimi nikasema nina kazi nyumbani. Nikaja nikamwagilia matofali niliyokwisha kuyamwagilia asubuhi. Tangu siku hiyo usingizi umenikimbia, na chakula nakula kwa kuwa wewe unaniangalia.

Elipendo, ile kanuni ya udongo ni ya uongo. Niliitunga mimi, nikaiandika kwa mkono wangu, nikijua. Nataka nikueleze kwa nini, na ukishajua pengine utaniona mtu mwingine. Nimetafuta namna ya kukuambia bila kupoteza heshima yangu kwako, nimeikosa.

Nianze mbali kidogo. Niliporudi kutoka kwenye ulinzi wa amani, kule nchi ya watu, wewe ulikuwa darasa la kwanza unaishi kwa bibi. Niliomba kuacha jeshi, wakaniruhusu, tukahamia hapa Kiomboi mimi na wewe. Siku zile nilikuwa mtu wa kukaa tu. Ukiniamkia naitikia baada ya muda, ukiniuliza kitu nakuambia kesho. Mchana mmoja nilikukuta nyuma ya nyumba umefinyanga vijumba vya udongo, umevianika juani, na mbele ya kila kijumba umepanga vizibo vya soda. Nikakuuliza hao ni nani. Ukasema, "Ni watoto, wanamngoja mama yao." Nikachuchumaa nikakuambia, "Usiwaweke mlangoni. Mlangoni ndipo panapopigwa. Wapeleke pembeni." Nadhani hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote niliyosema wiki ile. Wewe ukafurahi mno kwamba mama ameongea, ukawahamisha wote mbio mbio.

Mchezo ukaanzia hapo. Tukachora barabara na mto kwa chaki kwenye sakafu ya sebule. Vizibo vyekundu vyangu, vya bluu vyako. Dadu tuliitoa kwenye ludo yako. Maboksi ya viberiti yakawa nyumba za bati, vipande vya tofali vikawa nyumba za tofali, kokoto tukazipanga zikawa kanisa la mawe, na vile vijumba vyako vya udongo vikawa kijiji. Nikachukua daftari la kurasa themanini nikaandika kanuni, maana wewe ulikuwa mtoto wa kubishana, na mtoto wa kubishana anahitaji maandishi.

Mengi niliyokufundisha yalikuwa kweli, na bado ni kweli. Kujificha na kujikinga ni vitu viwili. Kibanda cha nyasi kinamnyima adui kukuona, lakini risasi hakiizuii, kwa hiyo ukiingia humo ujue umeingia kupumua tu, usijenge makao. Bati ni kelele. Tofali la kuchoma ni zuri, ila ukuta wa tofali moja ukipigwa sana mahali pamoja unakwisha, lazima uhame. Jiwe linakinga kuliko vyote lakini linarusha vipande, usiliegemee kwa shavu. Nyumba ya darasa ina madirisha mapana pande mbili. Asiyejua atakaa chini ya dirisha, na hapo ndipo wanapolenga, kwa hiyo rudi ndani penye giza. Wewe ulikuwa na miaka tisa na ulikuwa unayasema hayo kama wenzako wanavyosema jedwali la kuzidisha. Ndiyo ubaya wa uongo wangu, ulikaa katikati ya kweli nyingi ukapendeza.

Unaujua ukurasa wenyewe. Nyasi, sifuri. Bati, sifuri. Tofali la kuchoma, punguza moja kwenye dadu. Tofali la saruji, punguza mbili. Jiwe, punguza tatu. Na chini kabisa, kwa wino uliokolea kwa sababu niliirudia kalamu: Udongo, hapigwi. Aliye nyuma ya ukuta wa udongo hapigwi hata dadu ianguke vipi. Ulipoizoea kanuni hiyo ukaanza kunishinda. Unakimbiza vizibo vyako vya bluu moja kwa moja mpaka kijijini, unaviweka nyuma ya vijumba, unakunja mikono. Hata ulipokwenda bweni ulibeba daftari, na likizo ya kwanza ukarudi ukilalamika kwamba wenzako wanasema unaiba. Nikakuambia kanuni ni kanuni. Nilisema hivyo nikiwa nimekupa mgongo.

Kuna siku moja ambayo hatujawahi kuizungumza. Ulikuwa darasa la sita, mvua za mwezi wa kwanza zilikuwa zimepiga siku nne mfululizo. Jiko letu lilikuwa bado la miti na udongo, na watu walikuwa wakinitania kwamba fundi wa kufyatua matofali anapikia kwenye udongo, mganga hajigangi. Asubuhi tukakuta ukuta wa upande wa choo umemomonyoka. Ukaingiza mkono kati ya fito, ukautokeza upande wa pili, ukawa unanipungia vidole huku unacheka.

"Mama! Mama njoo uone! Mkono wangu unapita. Sasa risasi inashindwaje kupita hapa?"

Nikaja nikakupiga kofi.

Hujasahau, najua. Mimi sikuwa mama wa kupiga, ndiyo maana kofi lile lilikuwa kubwa kwako. Hukulia. Ulishika shavu, ukasema, "Samahani, mama." Hukujua unaomba samahani ya nini. Uliomba msamaha kwa kuona sawasawa, na mimi nikaupokea, nikakutuma ukachote maji. Wiki ile ile nikalivunja jiko lote nikajenga la matofali ya saruji, nikakuambia ni kwa ajili ya mchwa. Katika makosa yote niliyokukosea hilo linaniuma kuliko mengine, kwa sababu tangu siku ile hukuniuliza tena swali lolote kuhusu udongo. Nilikufunza usiulize. Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, lakini hawasemi itakuwaje mama mwenyewe akifunza uongo.

Sasa nikuambie kilichokuwa nyuma ya kofi hilo.

Unaijua tembe ya bibi yako, ile alimozaliwa yeye na mimi nikakulia humo, kabla wajomba zako hawajamjengea ya bati. Kila mwaka baada ya mavuno tuliikandika. Udongo wa kichuguu, samadi ya ng'ombe, majivu, maji, tunakanyaga kwa miguu mpaka unashika, tunapaka kwa viganja. Mama alikuwa anapitisha kiganja chake nyuma ya changu akikagua. Mwaka juu ya mwaka, tabaka juu ya tabaka, toka kwa bibi yake mama, mpaka ukuta ule ukawa mnene kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole. Kwenye joto ndani kulikuwa baridi, na ng'ombe akigonga pembe kwa nje ndani hatukusikia kitu. Nilikwenda jeshini nikiamini kwamba hakuna ukuta duniani kama wa udongo uliokandikwa na mwanamke anayejua kazi. Nikiona nyumba iliyokandikwa vizuri nilikuwa najisikia nimefika kwetu.

Kule nchi ya watu nilikuwa koplo. Katika watu wangu alikuwamo kijana anaitwa Rajabu, mtu wa Itigi, baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Alizaliwa na kukulia kwenye nyumba za reli, za mawe, na udongo alikuwa haupendi hata kidogo. Kwa kuwa tulikuwa wa mkoa mmoja tulizoeana kwa utani. Aliniita Koplo wa Tembe, kwa sababu sikuchoka kuisifu nyumba ya mama. "Koplo wa Tembe," alikuwa akisema, "nyinyi kwenu hata mvua ikinyesha mnalala macho wazi mkiuliza paa." Mimi namwambia mtoto wa reli hana kwao, kwao ni bogi. Alikuwa anacheka mpaka anakaa chini. Alikuwa na miaka ishirini na mbili.

Asubuhi moja tulikuwa tunatembea doria kwenye kijiji kilichokuwa kimehamwa. Tukapigwa kutoka kwenye migomba iliyokuwa mlimani, upande wetu wa kushoto. Wenzetu wa mbele wakaingia mtaroni. Mimi na Rajabu tulikuwa nyuma, tumekatika. Upande mmoja, kama hatua thelathini, palikuwa na kalvati ya zege chini ya barabara, ina maji na uchafu. Upande mwingine, karibu zaidi, palikuwa na nyumba ya udongo. Ilikuwa imekandikwa vizuri mno, Elipendo, chini wamepaka majivu mstari mzima, pembe zimenyooka. Aliyeikandika alikuwa na mkono kama wa mama yangu.

Rajabu akaniuliza, "Koplo, wapi? Kalvati au nyumba?"

Nikasema, "Nyumba. Tangulia."

Akatangulia, nami nikamfuata. Tuliingia mlangoni mbio, tukalala nyuma ya ukuta uliotazama migomba. Mimi niliangukia kwenye kona, penye nguzo na mafiga. Yeye alikuwa katikati ya ukuta. Risasi zikaanza kupiga nyumba. Udongo ukawa unatudondokea vichwani, nami nikajiambia ndivyo udongo unavyofanya kazi, unameza. Rajabu akageuza uso kunitazama. Hakupiga kelele. Alisema taratibu tu, kama mtu anayetoa taarifa:

"Koplo, zinapita."

Nikamwambia, "Tulia hapo hapo. Ni udongo."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoyasikia kwangu. Ungekuwepo ungeona kwamba kulikuwa na muda. Si mwingi, lakini ulitosha mtu kusema "toka" au "njoo huku konani". Mimi muda ule niliutumia kumbishia. Alikuwa ananiambia anachokiona na mimi nikamjibu kwa kitu nilichokuwa nakijua toka utotoni. Waliponyamaza kule mlimani nikamsogelea, sikumkuta hai. Nikakaa naye. Mwanga ulikuwa unaingia kwenye ukuta kwa matundu, na kwenye matundu hayo niliuona unene wake. Kiganja kimoja. Fito, tabaka moja la udongo, basi. Nyumba ilikuwa mpya. Mwenyewe aliijenga mwaka ule ule, akaikandika mara moja, vita ikamhamisha. Niliiona imependeza, umri wake sikuuliza.

Waliponihoji, mkubwa aliuliza nani aliichagua nyumba. Nikajibu, "Rajabu alitangulia." Ni kweli alitangulia. Nilimtuma. Lakini sikusema nilimtuma, na yule mkubwa akaandika alichoandika, na tangu siku hiyo kwenye makaratasi Rajabu ni askari aliyekimbilia mahali pabaya na koplo wake akamfuata kujaribu kumwokoa. Kuna mtu hata alinipa pole kwa ushujaa. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina miaka kumi na tatu sasa.

Unaona kanuni ilikotoka. Nilipokaa na wewe sakafuni na chaki mkononi, nikafika kwenye mstari wa udongo, kalamu ilikataa kuandika sifuri. Ningeandika sifuri ningekuwa nimeandika nilichomfanya Rajabu. Nikaandika hapigwi. Na kila mara ulipoficha kizibo cha bluu nyuma ya kijumba chako na mimi nikatupa dadu ikaanguka sita, ukapiga makofi ukasema, "Hapigwi!", kwa dakika moja mimi nilikuwa sijaua mtu. Nilikutumia hivyo, mwanangu. Ulidhani tunacheza. Mimi nilikuwa nakuja kwako kupozwa, kila Jumamosi, na wewe ulikuwa mtoto.

Kitu kimoja tu ndicho nilichobakiza. Mwaka wa pili baada ya kurudi nilikwenda Itigi. Nilikuaga nakwenda kutafuta saruji ya bei nafuu. Nilitaka kumwona mama yake Rajabu nimwambie ukweli. Nilikuwa nimeshayapanga maneno kwenye basi, kutoka Singida hadi Manyoni nilikuwa nimeyakariri. Nikamkuta mama wa makamo, mwembamba, amekaa na uteo anapepeta mtama. Nikamwamkia, nikajitambulisha. Akauweka uteo chini, akanishika mikono yote miwili.

"Pole sana, mwanangu," akasema. "Pole. Nisamehe mimi. Walinieleza. Yule mtoto wangu alikuwa mbishi tangu mdogo, alikuponza na wewe, ungekufa kwa ajili yake."

Akanikaribisha ndani, akanipikia chai ya maziwa. Akakaa akaniangalia ninavyokunywa, halafu akasema, polepole, kama mtu anayejiuliza mwenyewe, "Nilishangaa tu. Rajabu na nyumba ya udongo wapi na wapi? Hata kwa shangazi yake Issuna alikuwa hakubali kulala, anasema itamwangukia. Alikimbiliaje udongo? Lakini ndiyo kudura, nani awezaye."

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Nilimaliza chai. Aliponisindikiza mpaka barabarani alinipa kuku, nikampokea. Jambo hilo sijalisema kwa mtu yeyote aliye hai, hata kwa mchungaji, hata kwa mama yangu. Yule mama alikuwa amefika mlangoni mwa ukweli peke yake, amebakiza kusukuma tu, na mimi nikaushikilia mlango kwa ndani.

Sasa kanuni iliyo sahihi. Nimeifuta ya zamani kwenye daftari, utaona. Udongo hauna namba moja. Kuna udongo wa miaka hamsini na kuna udongo wa juzi, na kwa nje wote unapakwa ukapendeza. Ukiingia mlangoni, tazama ubavu wa mlango wenyewe, pale unene wa ukuta unaonekana wazi. Mimi nilipita mlango ule mbio na macho yangu yako kwenye mapambo. Ukiwa na nafasi, gonga kwa ngumi. Ukuta mnene unanyamaza, mwembamba unaitika. Usipojua, lala chini kabisa kwenye kona, na panga kuhama kabla hujatulia. Na penye kalvati chafu yenye maji na nyumba nzuri inayofanana na kwenu, ingia kwenye uchafu.

Utasema wakufunzi watakufundisha yote hayo. Watakufundisha, tena vizuri kuliko mimi. Mimi pia nilifundishwa. Nilikaa darasani nikaandika na mtihani nikafaulu. Lakini zilipoanza kulia sikukimbilia darasani kwangu, nilikimbilia kwa mama. Mtu akiogopa anarudi kwenye kitu alichokijua akiwa mdogo, na wewe ulipokuwa mdogo mimi nilikupa udongo. Ndiyo maana siwezi kunyamaza nikasema jeshi litamrekebisha. Nimekuwekea mle ndani kitu ambacho siku moja kinaweza kukuua, na mwenye kukitoa ni mimi niliyekiweka.

Na jingine, ambalo haliko kwenye daftari lolote. Siku moja utakuwa koplo, kwa ubishi wako huo labda sajini. Atakuwepo mtu chini yako, atakuambia kitu ambacho hutaki kukisikia, wakati ambao hutaki kukisikia. Akikuambia zinapita, mwamini. Hata kama ni mtoto wa reli asiyejua udongo. Hata kama ni mtoto wa darasa la sita ameingiza mkono ukutani. Mimi nimeambiwa kweli mara mbili katika maisha yangu na watu wawili niliowapenda. Wa kwanza nikamwambia atulie, wa pili nikampiga kofi.

Ninakuomba msamaha kwa kofi lile. Nimechelewa miaka minane na sina sababu nzuri ya kuchelewa.

Nilipoanza kuandika leo nilikuwa nimekusudia kuikunja barua hii niifiche kwenye begi lako, chini ya mashuka, uikute ukiwa umeshafika, mbali, bila simu. Ningekuwa nimesema na bado sijaangaliwa usoni. Nimeona ni yale yale. Kwa hiyo nitakupa mkononi ukiingia tu, kabla hujavua viatu. Ukae kwenye kiti cha dirishani usome mpaka mwisho. Mimi nitakuwa jikoni. Ukitaka kuniuliza, uliza lolote, safari hii nitajibu. Ukitaka kukaa kimya, kaa. Ukisema huwezi tena kwenda jeshini, au huwezi kulala kwenye nyumba hii leo, sitakubembeleza.

Jambo la mwisho ni la kesho. Umeniambia nisikusindikize mbali, nikuachie stendi hapa hapa kwa sababu hutaki kulia mbele ya wenzako. Nimekusikia, lakini nimekata tiketi mbili mpaka Singida. Kiti changu kiko nyuma kabisa, huna haja ya kukaa nami. Tukifika Singida wewe utapokelewa na wenzako, mimi nitatafuta gari la Manyoni, na kutoka Manyoni nitakwenda Itigi. Nimeuliza watu wa huko, yule mama bado yupo, macho yamepungua nguvu lakini anasikia.

Nimekaa hapa mchana huu wote nikijaribu kuyapanga maneno, kama nilivyoyapanga mara ile kwenye basi. Mwanangu, sijui nitasema nini baada ya shikamoo.

Mama yako